Risala ya Shule Iliyofunga Siku Tatu

Risala ya Umoja wa Maombi na Misaada wa Wanafunzi kwa mama mkurugenzi wa Mfuko wa Makanisa wa Misaada Vitani. Inasomwa na katibu wa Umoja.

Mgeni rasmi, mama mkurugenzi; mwalimu mkuu; walimu wetu; mama mpishi na wasaidizi wako; wanafunzi wenzetu mlioketi na mliokosa viti:

Kwa heshima na taadhima, kwa moyo mkunjufu na unyenyekevu usio na mfano katika historia ya taasisi hii, sisi wanafunzi mia tatu na kumi na wawili tunasimama mbele yako tukiwa wasafi. Usafi huu ni wa leo tu. Soksi unazoziona safu ya mbele zimeazimwa kutoka safu ya nyuma, ndiyo maana safu ya nyuma wamekaa wamekunja miguu chini ya benchi.

Makaribisho

Mgeni rasmi, karibu sana. Jisikie uko nyumbani, isipokuwa kwenye kiti cha pili kutoka kulia, ambacho mguu wake mmoja ni wa kuazima pia.

Tunakukaribisha tukijua wewe si mgeni wa kukata utepe na kuondoka. Tumeambiwa ulianza kazi kama nesi. Tumeambiwa umekwenda kwenye vita mara nyingi kuliko baadhi ya wanajeshi, ukiwa na malori ya mablanketi, sabuni na dawa, na kwamba kwenye vizuizi vya barabarani unashuka kwenye lori, unawasalimia wenye bunduki, unawauliza mama zao hawajambo, kisha unapita. Sisi hapa tunashindwa kumpita kiranja wa bweni.

Tungependa pia kukutambulisha kwa watu wachache. Huyu ni mwalimu mkuu. Ameipitia risala hii mara mbili na kufuta maneno kumi na manne. Tunamshukuru. Maneno hayo tumeyarudisha.

Yule aliyefunga aproni ni mama mpishi. Na yule aliyeketi mwisho kabisa, karibu na mlango, mwenye ufunguo mkubwa mkononi, ndiye mlezi wa Umoja wetu, mwalimu wa dini. Tunamwita Mwalimu Tuombe, kwa sababu hata ukimuuliza saa ngapi anaanza na neno hilo. Ufunguo ule ni wa kanisa la shule. Leo saa tisa, ukishaondoka, ameagizwa aukabidhi ofisini na kesho ahamie shule nyingine. Tutarudi kwake. (Hili ni mojawapo ya yale maneno kumi na manne.)

Historia ya Umoja

Umoja wetu ulianzishwa miaka saba iliyopita kwa lengo la kuomba na kusaidia. Katika karibu miaka yote hiyo tuliomba. Tuliomba mvua, tuliomba mitihani iahirishwe, tuliomba timu yetu ya mpira ifunge angalau goli moja. Kusaidia kulikuwa bado kunapangiwa ratiba.

Ndipo, muhula huu, ikaja barua ya Mfuko wako. Ilikuja kwa Mwalimu Tuombe, ina muhuri wa zambarau wenye msalaba. Aliisoma jioni kwenye veranda ya nyumba yake akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Kisha akamwita katibu wa Umoja, kijana mtiifu aliyechaguliwa kwa sababu ya sauti yake.

“Katibu,” alisema, “kesho alfajiri naingia kanisani, sitoki mpaka siku ya tatu. Hii barua utawasomea wenzako kwenye paredi. Utasoma yote?”

“Yote, mwalimu.”

“Polepole?”

“Polepole, mwalimu.”

“Basi tuombe.”

Asubuhi yake mwalimu mkuu alikuwa ameshasafiri kwenda kwenye mkutano wa wakuu wa shule. Katibu alipanda jukwaani, akainua barua ili muhuri uonekane, akasoma kwa sauti ya kutetemesha madirisha: “Tunaomba shule yenu ifunge siku tatu.”

Hapo kwa bahati mbaya katibu alipatwa na kikohozi.

Mgeni rasmi, kikohozi kilikuwa kikali. Kilipokwisha, hakukuwa na mtu wa kumsomea sehemu iliyobaki. Mwalimu wa zamu, aliyekuwa amesimama pale pale, ndiye aliyetutangulia getini. Mabweni yaligeuka stendi ya mabasi, kila mtu amebeba sanduku kichwani na ndoo mkononi. Mlinzi wa geti alituuliza, “Mna ruhusa ya nani?” Tukamwonyesha muhuri wenye msalaba. Alivua kofia.

Na hivyo ndivyo shule ilivyofunga.

Mafanikio

Mgeni rasmi, lugha yetu ni tajiri, lakini katika neno hili ilibana matumizi. Mtu hufunga mlango. Hufunga mzigo. Hufunga goli, ingawa si sisi. Hufunga shule. Na Mkristo akiacha kula ili aombe, naye hufunga. Kwa hiyo tunaposema mbele yako kwamba tulifunga siku tatu, hatusemi uongo. Mwalimu mkuu mwenyewe alipofika kwenye neno hilo aliinua kalamu, akafikiri, akaishusha.

Matokeo ya kufunga kwetu unayajua, kwa sababu yalipakiwa kwenye lori lako. Kwa siku tatu jiko la shule halikuwashwa. Mama mpishi alikaa kwenye ngazi ya jiko akichambua maharage ambayo hakuna wa kuyala, akimwambia paka, “Au wamekufa wote?” Mwishoni yalibaki magunia manne ya maharage na tisa ya unga, na yote yalikuja kwako pamoja na blanketi moja, ambalo tutalieleza.

Wiki mbili baadaye Mfuko wako ukatuandikia hivi: “Shule nyingine zilizofunga zilibakiza debe moja au mawili. Ninyi mmebakiza kila kitu. Tumeshangaa na kumshukuru Mungu.” Mwalimu mkuu alituita paredi akatusomea kwa sauti ya mtu anayekula limau. Tulipiga makofi. Tulikuwa tunajipigia wenyewe, na tulipiga kwa muda mrefu.

Sifa zikaenea. Shule ya wasichana iliyo ng'ambo ya barabara ilituma viranja wawili waje kujifunza siri yetu. Mwenyekiti wa Umoja, ambaye kwa urefu wake tunamwita Ngazi, aliwapokea kwa unyenyekevu.

“Mliwezaje siku tatu bila kula hata kidogo?” mmoja aliuliza, ameshika daftari.

“Siri ni maandalizi, dada,” Ngazi alisema. “Sisi tulianza kwa kufunga masanduku.”

Waliandika.

(Hapa tusubiri makofi. Yasipokuja, tuendelee.)

Changamoto

Mgeni rasmi, Umoja wetu una changamoto. Kinanda cha kanisa kina sauti tatu tu, na mbili zinafanana. Kabati la kuhifadhia misaada lina kufuli lisilo na ufunguo, na ufunguo tulionao hauna kufuli.

Changamoto kubwa ni Mwalimu Tuombe.

Katika zile siku tatu, shule hii ilikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga kwa maana uliyoikusudia wewe. Alikuwa kanisani. Alikunywa maji ya mtungi na kulala kwenye benchi la mbele, akiwa amejifunika joho la kwaya. Siku ya pili alichungulia dirishani, akaona uwanja mtupu, mabweni kimya, hakuna anayepiga kelele wala anayerusha kiatu. Amefundisha hapa miaka kumi na tisa hajawahi kusikia kimya cha namna ile. Akajua sote tumejifungia mabwenini tunaomba. Mama mpishi, aliyekuwa akipita na ndoo, anasema alimsikia mle ndani analia na kushukuru. Hakuthubutu kugonga mlango.

Siku ya tatu jioni alitoka nje, amepungua, shati linamcheza mwilini. Akatukuta tunaingia getini na masanduku yetu, mashavu yamejaa, tunang'aa mafuta. Alitutazama mmoja mmoja.

“Wanangu,” alisema, “mmefunga siku tatu na mmenenepa. Bwana ni mwema.”

Hakuna aliyecheka, mgeni rasmi. Ni mara ya kwanza katika shule hii jambo la kuchekesha vile kukosa mchekaji.

Kesho yake mwalimu mkuu alirudi, mlinzi wa geti akamsimulia kila kitu, na maswali yakaanza. Nani aliruhusu? Barua ilikuja kwa nani? Barua yenyewe iko wapi? Katibu aliitwa akasema alisoma kilichoandikwa, na kwamba barua imepotea. Hiyo ya kupotea ndiyo kweli pekee aliyosema wiki ile. Mwalimu Tuombe alitakiwa ajieleze kwa maandishi. Tunajua alichoandika kwa sababu karatasi ilikuwa ndogo na mlango wa ofisi una tundu: “Barua ililetwa kwangu. Watoto hawakuelewa kwa sababu sikuwaeleza. Kosa ni langu.”

Basi. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Shule ilikuwa imebaki tupu siku tatu, lazima awepo wa kujibu, na aliyejibu alikuwa mmoja tu. Akaandikiwa uhamisho. Hivi tunavyosoma, katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa kuna maboksi sita yaliyokazwa kwa kamba ya katani. Naye amefunga, mgeni rasmi. Mara ya pili katika muhula mmoja.

Maombi yetu

Kwa kuwa umekuja kutoa hati ya shukrani, na kwa kuwa tunaiona imeviringishwa pale kwenye meza ikiwa na utepe, tuna maombi machache.

Tunaomba Mfuko wako ukiandikia shule za bweni utumie maneno yasiyo na ndugu. Andikeni “msile”. Hilo halina maana ya pili, tumelitafuta.

Tunaomba mtuletee tena barua. Mlituomba mara moja tukajitia ujanja. Tuandikieni tena.

Na tunaomba umsemee Mwalimu Tuombe kwa mwalimu mkuu. Wewe umeomba malori yapite kwenye vizuizi yakapita. Mwalimu mkuu hana bunduki, ana kalamu nyekundu tu.

Risala iliyopitishwa na ofisi inaishia hapa, kwa sala fupi na makofi. Lakini tuna ukurasa mmoja zaidi. Umeandikwa leo asubuhi kwa penseli, juu ya goti, nyuma ya jiko.

Ukurasa wa tano

Mgeni rasmi, leo uliposhuka kwenye gari, katibu ndiye aliyetumwa kukupokea mkoba. Wengine waliona mnatembea tu kutoka getini hadi ofisini. Hawakusikia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ninyi ndio mliofunga?”

“Ndiyo, mama.”

“Siku zote tatu?”

“Zote tatu, mama.”

“Hamkunywa hata maji?”

“Maji tulikunywa, mama. Na chai kidogo.”

“Chai na nini?”

“Na kuku.”

Neno lilitoka lenyewe. Katibu alijaribu kukohoa, lakini alikuwa amechelewa. Wewe hukucheka wala hukukasirika. Ulisimama, ukaomba mkoba wako, ukatoa humo mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, imepauka kama kitu kilicholowa kikakauka. Muhuri wa zambarau ulikuwa umesambaa lakini msalaba unaonekana.

“Hii ni ya nani?”

“Ni ya… ilikuwa imepotea, mama.”

“Haikupotea. Ilikuwa ndani ya blanketi. Nililikung'uta mimi mwenyewe, kule.”

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Katibu alipofika kwao na sanduku kichwani, mama yake alikuwa anaanua nguo.

“Umefukuzwa?” aliuliza kabla ya salamu.

“Hapana, mama. Shule imefunga.”

“Katikati ya muhula?”

“Kwa ajili ya vita.”

Mama aliangusha beseni. “Vita viko wapi?”

“Mbali sana, mama. Nchi nyingine.”

“Sasa wewe unakimbia nini?”

Mama alifurahi kumwona mwanawe, akamchinjia kuku, mtetea aliyekuwa anataga. Siku ya pili akafua shati la shule, na mfukoni akakuta barua. Aliisoma amesimama kando ya beseni la sabuni. Katibu alikuwa kivulini anamalizia shingo ya yule kuku, naye hakuona kitu. Siku ya tatu mama alimkabidhi blanketi lililokunjwa na kushonwa pembeni kwa uzi mweusi. Lilikuwa blanketi la kitandani kwake, la kijivu, lenye mistari miwili.

“Lipeleke kwa hao mliowafungia,” alisema. “Usilifungue.”

Katibu aliona mama amekuwa mkarimu ghafla. Akalipakia na magunia.

Leo asubuhi, pale njiani, ulimpa katibu karatasi aisome. Chini ya maneno yako ya taipu kulikuwa na mwandiko wa kalamu: “Wewe uliyeandika barua hii, shikamoo. Mwanangu alisema shule imefunga. Nimesoma barua yote. Ninyi mlisema wasile, mimi nimemchinjia kuku. Nimeona haya. Pokeeni blanketi hili, ni letu la kulalia. Mama yake katibu.”

“Mama yako ana mwandiko mzuri,” ulisema.

“Blanketi liko wapi, mama?”

“Tulilikata katikati. Wamelala nalo watoto wawili. Sasa nisomee juu, pale nilipoandika mimi. Yote. Polepole.”

Katibu alisoma. Na kwa kuwa aliahidi kuisoma kwenye paredi, na paredi ndiyo hii, anaisoma sasa: “Tunaomba shule yenu ifunge siku tatu, yaani wanafunzi wasile chakula cha mchana, na kitakachobaki jikoni kipelekwe kwa wanafunzi wenzenu ambao shule yao imefungwa na vita, nao hawajui itafunguliwa lini.”

Ukauliza, “Risala yako ina kurasa ngapi?”

“Nne, mama.”

“Ongeza wa tano.”

Mgeni rasmi, tangu mwanzo wa risala hii nimesema “sisi”. Ni neno zuri, lina nafasi, mtu anaweza kukaa ndani yake asionekane. Nimesema pia “katibu”, kana kwamba ni jirani yangu. Katibu ni mimi. Wenzangu walisikia nusu ya sentensi, na nusu hiyo ilikuwa ya kweli, wakaiamini. Nusu nyingine ilikuwa mkononi mwangu, mbele ya macho yangu, ina maneno yaliyotaipiwa vizuri wala haikuwa na giza lolote. Niliona “chakula cha mchana”. Niliona “imefungwa na vita”. Nikaona pia kwamba nikinyamaza pale pale, nitalala nyumbani usiku ule.

Mwalimu mkuu, barua haikuwa na kosa. Mwalimu Tuombe hakuwa na kosa. Aliniuliza kama nitasoma yote nikamjibu yote, naye akaniombea. Uhamisho ule una jina lake, ulipaswa kuwa na langu. Naomba hati ile yenye utepe iandikwe jina lake peke yake, kwa kuwa ndiye shule nzima iliyofunga. Naomba maboksi sita yafunguliwe, mimi nitayafungua kwa meno kama kamba ni ngumu. Ufunguo abaki nao. Kama lazima mtu aende kesho, sanduku langu analijua mlinzi wa geti, na safari hii nitamwonyesha ruhusa ya kweli.

Kuanzia leo sitakula chakula cha mchana kwa siku tatu. Mama mpishi, ninajua leo ni nyama. Nimeisikia harufu yake tangu ukurasa wa pili, na tafadhali naomba sehemu yangu usimpe Ngazi. Iuzwe, inunue chochote kinachoingia kwenye lori. Wenzangu wakitaka kuungana nami, safari hii nimewasomea yote.

Mungu awalinde wale wawili walio chini ya blanketi la mama yangu, na wote wasiojua shule yao itafunguliwa lini. Awalinde madereva wa malori yako, na wenye bunduki awakumbushe mama zao. Akupe wewe safari za kwenda na za kurudi, hasa za kurudi.

Ni sisi, Umoja wa Maombi na Misaada, wanafunzi mia tatu na kumi na mmoja waliosikia vibaya,

na mimi, ambaye sikuwa na kikohozi.